Mgonjwa wa Figo Aachwe Aamue Mwenyewe

Nimeudhishwa sana na mazungumzo niliyoyasikia juzi ndani ya daladala ya Buhongwa, ambamo watu wazima wawili, kwa sauti ya kusikika na wote, walikubaliana kwamba mgonjwa aliyewekewa figo ya nguruwe huko Marekani "ameshakuwa nusu mnyama" na kwamba bora angejifia. Hayo yalisemwa katika jiji hilihili la Mwanza, ambamo wagonjwa ambao figo zao zimeshindwa kazi huja hospitali ya Bugando kusafishwa damu kwa mashine.

Asiyeijua adha ya mashine ile ni mwepesi wa kuhukumu. Kwa kawaida mgonjwa huunganishwa nayo mara tatu kwa wiki, takriban saa nne kila mara, na mvuvi wa Ukerewe hawezi kupanda meli ya Nansio kwa ratiba hiyo. Hulazimika kuacha mtumbwi na nyavu, apange chumba mjini na kuishi kwa michango ya ndugu. Ni kweli kwamba hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, walianza kupandikiza figo mwaka 2017, lakini mgonjwa sharti ampate ndugu aliye tayari kutoa yake, mwenye afya njema, na ambaye damu yake inaafikiana na ya mgonjwa. Ziko familia ambazo kaka na dada wote wamejitolea, na wote wakakataliwa kwa sababu ya shinikizo la damu. Mgonjwa wa familia hiyo tumwambie nini? Afe ili sisi tusione kinyaa?

Nguruwe mwenyewe si huyu wa mabanda yetu. Figo aliyowekewa mgonjwa Richard Slayman mjini Boston, Marekani, Machi 2024, ilitoka kwa nguruwe aliyehaririwa vinasaba katika sehemu 69: jeni tatu zinazotengeneza aina za sukari zinazoshambuliwa na kinga ya mwili wa binadamu ziliondolewa, jeni saba za binadamu zikaongezwa, na nakala 59 za virusi vilivyojificha katika vinasaba vya mnyama huyo zikazimwa.

Kuhusu dini, Waislamu wanaifahamu aya ya 173 ya Surat al-Baqara, inayomwondolea dhambi aliyelazimika kula kilichoharamishwa. Wasabato, ambao ni wengi huku kwetu Kanda ya Ziwa, wakumbuke kwamba hospitali ya kanisa lao kule Loma Linda, Marekani, ndiyo iliyompandikizia mtoto mchanga moyo wa nyani mwaka 1984.

Nakiri, kwa shingo upande, kwamba kazi hii haijakomaa. Slayman alifariki baada ya miezi miwili hivi, ingawa hospitali ilisema haikuona dalili kwamba figo ile ndiyo sababu. Moyo wa nguruwe aliowekewa Mmarekani David Bennett mwaka 2022 ulikutwa na virusi vya nguruwe. Na figo ya nguruwe aliyowekewa Mmarekani mwingine, Tim Andrews, iliondolewa baada ya siku 271. Hata hivyo, kwa mtu ambaye wiki yake nzima hupangwa na mashine, siku 271 ni nyingi, na yeye ndiye mwenye haki ya kuzipima, akishaelezwa hatari zote kwa lugha anayoielewa.