Askofu akisema siasa, na faili la kanisa lake nalo lifunguliwe?

Tokea lile sakata la bandari 2023 kuna hoja moja haijatoka barazani kwetu hapa Mjini, kila maaskofu Wakatoliki wa bara wakitoa tamko inarudi tena kama maji ya bamvua, yanajaa mpaka kwenye ngazi halafu yanaondoka na takataka zinabaki pale pale. Hoja yenyewe ni hii: kanisa lao limeandamwa na skendo dunia nzima, mapadri wamewaharibu watoto wa watu na wakubwa wao wakaficha, sasa wanapata wapi uso wa kuikemea serikali ya mtu? Na wapo wanaojibu kwamba dhambi ya padri wa Boston, Marekani, haimfungi mdomo askofu wa Sumbawanga, neno la haki ni la haki hata likitoka kinywani mwa nani.

Mie ni Muislamu, nimezaliwa na kukulia Unguja, Minara Miwili, kanisa lao kubwa hapa Mjini, nalijua kwa kupita nje nikienda zangu Forodhani. Sina cha kutetea kule ndani wala sina kisasi. Lakini hii hoja naiona inazungumzwa vibaya pande zote mbili, na kwetu sisi ina mizizi ambayo mtu wa bara hata haijui, ndio maana nataka niichambue polepole.

Tuanze na bandari yenyewe. Agosti 2023 Baraza la Maaskofu Katoliki, TEC, walitoa tamko likasomwa makanisani kupinga ule mkataba wa bandari na Dubai, wakasema wananchi hawautaki. Kwenye mabaraza yetu wengi hawakusikia bandari, walisikia jengine: rais ni Mzanzibari, ni mwanamke, ni Muislamu, basi ndio maana. Na swali likawa moja tu, mbona wakati wa Magufuli, Mkatoliki mwenzao, walikaa kimya? Hapa lazima tuseme kweli jamani, hawakukaa kimya. Februari 2018, Magufuli yuko madarakani, walitoa barua ya Kwaresima wakalalamikia shughuli za siasa kubanwa na uhuru wa watu kupunguzwa. Unaweza kusema ukali haukuwa sawa, hilo tubishane, lakini kusema walinyamaza si kweli na anaelisema au hajui au anajua na anapotosha. Mkataba wenyewe mwisho wa siku ukaendelea, Oktoba 2023 pakatiwa saini Dodoma, DP World, kampuni ya Dubai, wakapewa gati nambari 4 mpaka 7 za bandari ya Dar es Salaam kwa miaka 30, kwahiyo hata ule uzito wa maaskofu kisiasa una mpaka wake.

Sasa kwanini hapa visiwani tamko la askofu linasikika kama la mtu mwenye jambo lake? Kwa sababu ya 1992 na 1993. Mwaka 1992 makanisa yalitiliana saini makubaliano na serikali ya Muungano kuhusu skuli na hospitali zao, na kwa Waislamu wengi ile ilikuwa ni serikali kuwapa wengine mkono wa kulia. Mwisho wa mwaka ule ule Zanzibar ikajiunga na OIC, jumuiya ya nchi za Kiislamu, basi kelele zilizopigwa, bungeni na makanisani, hazisahauliki, na ilipofika Agosti 1993 Zanzibar ikatoka. Kisheria hoja yao ilikuwepo, mambo ya nje ni ya Muungano na siwezi kulikataa hilo. Lakini mzee aliyekuwa mtu mzima mwaka ule alichokiona ni kwamba kanisa likitaka mkataba na serikali linapata, na Zanzibar ikitaka kujiunga na nchi za Kiislamu kanisa linasema dola haina dini. Ile kauli iliingia moyoni na haijatoka, na askofu yoyote anaetaka kusikilizwa visiwani lazima ajue anazungumza juu ya jeraha hilo.

Na tena nataka nisimame kidogo hapa kwa sababu maneno haya kwetu yameshawahi kuvuja damu. Disemba 2012 siku ya Krismasi padri alipigwa risasi hapa Unguja akanusurika, Februari 2013 padri Evarist Mushi akauliwa asubuhi akienda kusalisha misa, Septemba padri mwengine akamwagiwa tindikali. Kabla yao, Novemba 2012, Sheikh Fadhil Soraga wa ofisi ya Mufti nae alimwagiwa tindikali. Na masheikh wa Uamsho, jumuiya ya Kiislamu ya hapa Zanzibar, wakakaa mahabusu miaka na miaka mpaka Juni 2021 ndio wakatoka, bila kesi kufika mwisho. Kwahiyo mtu akiniambia tuwazungumze maaskofu na kashfa zao namwambia sawa, ila tuwazungumze kwa ushahidi, maana sisi tunajua lawama ya jumla jumla ikishuka mtaani inamkuta nani. Inamkuta padri mmoja asubuhi ya Jumapili ambae hata Boston hajafika.

Haya tuende Boston. Januari 2002 gazeti la Boston Globe lilianza kutoa habari za jinsi jimbo kuu la Boston lilivyokuwa likiwahamisha mapadri walioharibu watoto, huyu akilalamikiwa parokia hii anapelekwa ile, wazee wa watoto wanapewa pesa na kuambiwa wanyamaze. Askofu mkuu alikuwa Kadinali Bernard Law, mtu mkubwa khasa, mtu wa kupokewa Ikulu ya Marekani. Disemba 2002 akajiuzulu, na 2004 Vatican ikampa kanisa kubwa la Santa Maria Maggiore kule Roma alisimamie. Hapo ndipo mie ninapoona kosa lilipo. Watu wanasema tatizo ni mapadri wale, lakini padri mwenye dhambi yupo, imamu mwenye dhambi yupo, mwalimu wa skuli yupo, hakuna kundi la binaadamu lisilokuwa na watu hao. Kilichoivunja imani ya watu ni makabati ya mafaili, kwamba mkubwa alijua, akaandika, akafunga, halafu baada ya yote akapewa cheo.

Na angalia lilivyoingia kwenye siasa. Novemba 2002, mwezi mmoja kabla Law hajaondoka, maaskofu wa Marekani walitoa tamko la kuhoji vita vya Iraq. Papa Yohane Paulo wa Pili nae alipinga waziwazi. Walikuwa sahihi! Waislamu wangapi duniani tulikuwa tunaomba mtu mwenye sauti aseme lile neno. Machi 2003 vita vikaanza. Siwezi kusema vilianza kwa sababu ya skendo, Bush alikuwa na yake, lakini askofu wa Marekani mwaka ule hata akizungumza juu ya mabomu mtu alikuwa anamuuliza juu ya watoto, na alistahiki kuulizwa. Neno la haki lilikuja wakati mwenye kulisema hana mtaji wa kulisemea. Hiyo ndio hasara ambayo watu hawaihesabu, wanahesabu fidia za mahakamani tu.

Ireland ndio mfano ulio wazi zaidi. Mwaka 1983 watu wa kule walipiga kura kuweka marufuku ya utoaji mimba ndani ya katiba, kama asilimia 67 wakasema ndio, kanisa likiwa nyuma yao. Mwaka 1992 ikajulikana kwamba askofu Eamonn Casey ana mtoto. Mtoto mmoja, tena wa mwanamke mtu mzima, ikilinganishwa na yaliyokuja baadae ni jambo dogo kabisa. Mwaka 2009 zikatoka ripoti mbili za serikali, moja ya skuli na vituo vya watoto vilivyokuwa chini ya mashirika ya kanisa, nyengine ya jimbo kuu la Dublin, na zote zinasema mambo yalijulikana yakafichwa. Mwaka 2018 ile marufuku ya 1983 ikaondolewa, asilimia 66. Yaani kura ile ile imegeuzwa kichwa chini miguu juu ndani ya miaka 35. Kuna wanaosema ni maendeleo ya kawaida tu, vijana wamesoma, nchi imetajirika, ingegeuka hata bila ya skendo. Inawezekana kiasi. Ila mie nauliza, kama kanisa lingekuwa limejisafisha lenyewe pale 1992, lingeshindwa kwa kishindo kile?

Upande wa pili nao nisiufiche, maana una nguvu. Malawi Machi 1992, nchi nzima inamuogopa rais Kamuzu Banda, maaskofu saba wa Katoliki wakaandika barua ya Kwaresima ikasomwa makanisani, na Juni 1993 watu wakapiga kura ya maoni kurudisha vyama vingi. Kongo, uchaguzi wa Disemba 2018 kanisa lilitawanya waangalizi wapatao 40,000, halafu likatoka hadharani kusema matokeo yaliyotangazwa hayafanani na waliyoyaona. Sisi Wazanzibari, na chaguzi zetu hizi tunazozijua, ukiniambia kuna taasisi ina watu 40,000 wa kukaa vituoni na uso wa kumwambia mkubwa kwamba umesema uongo, mie nitauliza mafaili yake kwanza? Nitakuwa muongo nikikwambia ndio. Na Aprili 2025 padri Charles Kitima, katibu mkuu wa TEC, alivamiwa akapigwa na kujeruhiwa hapo Kurasini, kwahiyo tusidhani kusema ni bure.

Vilevile tuhuma si hukumu. Kadinali George Pell wa Australia alifungwa, akakaa jela zaidi ya siku 400, Aprili 2020 mahakama ya juu kabisa majaji wote saba wakamuachia. Walioshangilia kufungwa kwake walinyamaza. Lakini mwezi uliofuata tu ikaonekana tume ya kitaifa ya uchunguzi ilishasema kwamba alijua habari za mapadri waharibifu tokea miaka ya 70, nae akakataa. Ndio maana nasema tutenganishe, alilolifanya mtu kwa mwili wake na alilolijua akalinyamazia ni mafaili mawili.

Paraguay kulikuwa na Fernando Lugo, askofu aliyeacha uaskofu akachaguliwa rais 2008, akakiangusha chama kilichotawala miaka 61. Mwaka wa pili akakiri amezaa mtoto wakati bado ni askofu. Bunge lilimtoa 2012 kwa mambo mengine, na 2013 watu wakamchagua seneta. Amekiri, wakamsamehe, wakaendelea. Wananchi si wajinga, wanajua kupima udhaifu na hila.

Na iliyo nzito kuliko zote, kwa upande wangu, haihusu zinaa kabisa. Rwanda, askofu mkuu wa Kigali Vincent Nsengiyumva alikaa miaka ndani ya kamati kuu ya chama cha rais Habyarimana. Kanisa likiwa mezani na dola halina sauti ya kuizuia dola. Aprili 1994, kwenye mauaji ya kimbari, kanisa la Nyange liliangushwa kwa tingatinga na watu wapatao 1,500 au zaidi wamo ndani, na padri wao, Athanase Seromba, akahukumiwa na mahakama ya Umoja wa Mataifa ya Arusha, 2008 kwenye rufaa akapewa kifungo cha maisha. Machi 2017 Papa Francis akaomba msamaha. Miaka 23! Mtu anaesema maaskofu wakae mbali na siasa asome Rwanda vizuri, kwa sababu tatizo la pale lilikuwa askofu aliyekaa na wakubwa akashindwa kuwakemea, na barua ya Malawi ndio dawa ya ugonjwa ule.

Sasa nije kwetu. Mkatoliki aliyetugusa Wazanzibari kuliko kadinali yoyote ni Mwalimu Nyerere. Tokea 2005 kanisa limempa jina la Mtumishi wa Mungu, na jimbo la Musoma ndilo lililofungua faili la kumtafutia utakatifu. Kule bara nawaelewa, mtu aliishi bila ya wizi, alitoka madarakani kwa miguu yake, alipigania kusini yote ya Afrika. Alikwenda misa kila siku na bado akazitaifisha skuli za kanisa lake, anaesema aliitawala nchi kwa niaba ya Vatican ajibu hilo kwanza.

Lakini 1969 Abdullah Kassim Hanga na Othman Shariff walirudishwa Zanzibar kutoka bara, Mwalimu ndie rais, na hawakurudi majumbani mwao tena. Hanga alikuwa makamo wa rais wetu baada ya Mapinduzi, Othman alikuwa balozi Washington. Waliowaua ni wakubwa wa hapa hapa Unguja, wenzetu, tusimtupie Mwalimu damu yote ili sisi tutoke safi. Ila yeye ndie aliyewatoa. Na alijua amefanya nini, kwa sababu baada ya Karume kuuliwa 1972 Zanzibar ilimtaka Babu, yule Abdulrahman Babu aliyekuwa waziri, ikamuhukumu kifo bila yeye kuwepo, na Mwalimu akakataa kumtoa, akamuweka kizuizini bara mpaka 1978. Kizuizini ni dhulma, lakini Babu aliishi. Anaemtetea Mwalimu anaiona hiyo kama toba, mie naiona kama ushahidi kwamba 1969 angeweza kukataa vilevile.

Kazi ya utakatifu kwa taratibu zao si sherehe, ni uchunguzi, askofu wa jimbo anatakiwa awaalike watu walete wanachokijua kuhusu marehemu, kizuri na kibaya. Kwahiyo TEC wakiniuliza Mzanzibari nataka nini ndio nisikilize matamko yao bila ya kukunja uso, sitawatajia Boston. Nitawaambia watu wa Musoma waje hapa, wakae na watoto na wajukuu wa Hanga na Othman, waandike wanayoambiwa, na waseme wameyaandika. Na serikali yetu nayo iwaoneshe walipozikwa.