Tumepanda Daraja, Nani Alituomba?

Jamani, mimi nilikuwa nimeshazoea kuwa wa mwisho. Niacheni niseme. Ukiwa shabiki wa Leicestershire, timu ya huku Leicester, kwenye kriketi ya kaunti za Uingereza, raha yako ilikuwa moja tu: hakuna wa kukutisha. Utashushwa wapi? Daraja la Pili ndilo la chini kabisa, chini yake ni nyasi. Mechi inaanza, tunapigwa, tunakunywa chai, mvua inakuja kutuamulia, kila mtu anarudi kwake. Kuanzia Septemba 2012 hadi Juni 2015 timu hii haikushinda mechi hata moja ya ubingwa wa kaunti. Mtoto anazaliwa, anaota meno, anatembea, anajifunza kutukana, baba yake bado anasubiri ushindi. Na watu walikuwa wanaenda uwanjani kwetu Grace Road na chupa zao za chai kama kawaida, hawagombani na mtu.

Halafu 2025 wakaamua kutuharibia. Wakaongoza Daraja la Pili, wakabeba kombe, wakapanda. Mara ya mwisho kuwa huko juu ilikuwa 2003. Mji mzima unapongezana. Mimi nimekaa na roho mkononi, maana mwezi wa nne huu tunaingia kwenye timu kumi, na mbili zinashuka, na mimi nazijua mbili zinazofikiriwa na watu. Moja ni sisi. Ya pili ni Glamorgan, waliopanda na sisi.

Aliyeniingiza kwenye balaa hili ni jirani yangu, mzee wa Kihindi kutoka Jinja. Mimi mtoto wa Tanga, nimelelewa na Coastal Union, bingwa wa mwaka 1988, kwa hiyo kusubiri nakujua. Kriketi nilikuwa siijui. Nilidhani wale watu waliovaa nyeupe wanasubiri maiti. Siku moja mzee akanisikia naongea Kiswahili na simu, akafungua mlango na kandambili: "Wewe mtu wa wapi, kijana?" Basi. Nikakaribishwa chai. Ile chai ndiyo naendelea kuilipia mpaka leo.

Mzee alifika hapa 1972, Amin alipowapa Wahindi siku 90 wawe wameondoka Uganda. Baraza la jiji la Leicester likatoa tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus, likiwaomba wasije, mji umejaa. Mzee anacheka mpaka anashika ubavu: "Mimi ilikuwa hapana jua hata kama iko mji inaitwa Leicester. Gazeti ndiyo ilinionyesha njia!"

Miaka mitatu baadaye, 1975, ndiyo Kombe la Dunia la kwanza la kriketi, na Afrika Mashariki ilileta timu. Ndiyo, sisi! Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia kwenye jezi moja, na John Nagenda wa Uganda akiwemo, yule ambaye baadaye alikuwa mshauri wa Rais Museveni. Mzee akapanda basi hadi Birmingham kutuona tukicheza na New Zealand. Mtu wao mmoja, Glenn Turner, akapiga peke yake mbio 171 (mbio ndiyo magoli ya kriketi) bila kutolewa. Sisi ova 60, kila ova mipira sita, zikaisha, timu nzima tuna 128. Tulicheza mechi tatu, tukapigwa zote tatu. Mzee akarudi Leicester amenuna, akatafuta timu ya kumfuta machozi, na mwaka huohuo Leicestershire, chini ya nahodha Ray Illingworth, ikachukua ubingwa wake wa kwanza kabisa. Mnaona mtego ulivyotegwa? Wakachukua tena 1996 na 1998. Tangu hapo ubingwa ule anausimulia.

Sasa nitazame nani ananisubiri huko juu. Kuna Surrey, waliochukua ubingwa 2022, 2023 na 2024 mfululizo, timu ambayo wachezaji wake wakiitwa timu ya taifa hujui nani kabaki nyumbani. Kuna Yorkshire, ambao hawana haja ya kutambulishwa. Na kuna Nottinghamshire, mabingwa wa 2025, majirani zetu, nusu saa tu kwa treni. Hao ndio siwawezi. Sisi tunalea, wao wanaoa. Stuart Broad alianzia kwetu, akahamia kwao, akastaafu na wiketi 604, yaani wapigaji aliowatoa, za mechi za Test, zile ndefu za timu za taifa. James Taylor alianzia kwetu, akafuata njia ileile. Ukiona kijana wetu ananunua tiketi ya treni ya kwenda kaskazini, mnyang'anye.

Aliyebaki wa kujivunia ni Rehan Ahmed. Desemba 2022, kule Karachi, akawa mwanamume mdogo kuliko wote kuwahi kuichezea England mechi ya Test, miaka 18 tu, na duru ya pili akaondoka na wiketi 5. Sasa hapo nipeni ushauri, nimuombee nini? Akicheza vizuri, timu ya taifa inamwita. Akicheza vibaya, tunabaki naye. Ijumaa naomba apige mbio mia. Jumamosi naomba walimu wa England wawe hawajaangalia.

Na hayo ni kabla sijazungumzia baridi. Nani alipanga mchezo wa kusimama uwanjani uanze mwezi wa nne Uingereza? Mzee anakuja na mfuko wa turubai: chapati zimeviringwa kwenye karatasi ya fedha, achari ya embe, blanketi, daftari na penseli mbili. Kila mpira unaorushwa anauandika. Mpira usio na mbio, nukta. Ova nzima bila mbio, nukta sita, naye anaziunganisha kwa mistari mpaka inatokea herufi M, halafu ananionyesha kwa furaha kana kwamba kuna kitu kimetokea. Vidole vimekuwa vya bluu. Namwambia, "Mzee, twende ndani tukaote moto." Anasema, "Ngoja ova hii iishe." Ova ikiisha inaanza nyingine, ndivyo mchezo ulivyo, yeye anajua na mimi najua.

Zamani mstari wetu ulikuwa wetu. Unaweka miguu hapa, blanketi pale, chapati kiti cha tatu. Msimu uliopita tulipoanza kushinda wakaanza kuja watu. "Samahani, kuna mtu hapa?" Nilitamani kujibu: kuna chapati, na ilikuwepo wewe ukiwa hujulikani.

Nyumbani nako ni kesi. Mama watoto haelewi mechi ya siku nne. Siku ya nne jioni narudi, midomo imepasuka kwa upepo, ananiuliza nani kashinda. "Sare." Ananitazama. "Siku nne, baba fulani, sare?" Namweleza kwamba sare ina pointi 8 na ushindi 16, na kwamba sare nyingine ni tamu kuliko ushindi. Anaenda kumpigia dada yake. Kazini ndiyo usiseme: msimamizi wa zamu ameona maombi yangu ya likizo, yote yamekaa Ijumaa kwa Jumatatu, ameniita pembeni kwa upole kuuliza kama nina matatizo ya kifamilia.

Mimi mkakati wangu wa msimu ninao. Mechi ni 14. Tupate sare 14. Hizo ni pointi 112 mkononi, bado zile za nyongeza za kupiga na kurusha. Mvua ya nchi hii tunayo, gharama yake sifuri. Hatumkeri mtu, Surrey wanapita, Yorkshire wanapita, sisi tunanyeshewa tu, Septemba tunajikuta wa nane, tumebaki. Wa nane! Hiyo ndiyo nafasi yangu, siitaki ya saba, ya saba ina majivuno. Tumeshaona kwa ndugu zetu wa mpira wa miguu hapahapa mjini, Leicester City: ubingwa 2016, wakashuka 2023, wakapanda 2024, wakashuka tena 2025. Mtu anapata kizunguzungu amekaa.

Nimemweleza mzee haya yote kwa adabu. Akafungua daftari jipya la msimu, akalamba penseli, akaandika ukurasa wa kwanza utabiri wake: wa tatu. Nimemuomba afute. Nimembembeleza aandike hata wa sita, tukutane katikati. Akasema Illingworth mwaka ule hakuna aliyemwekea dau. Nikamuomba basi walau asimwambie mtu, tusije tukachekwa.

Kumbe tangu Jumapili ameshawaambia watu wote wa hekaluni, na wawili wameomba tuwatengee viti.