Mila ya Appenzell na mila ya Muleba

Kila nikipiga simu nyumbani Kagera hakosekani wa kuniambia, "Wewe uko Ulaya, wanawake wa huko wana haki zao. Huku kwetu ni mila." Kaka zangu husema hivyo. Mashangazi nao husema, na hiyo ya mashangazi ndiyo inayoniuma zaidi.

Nahudumia wazee huku St. Gallen, Uswisi, mwaka wa tisa sasa. Kuna bibi ninayemwogesha kila asubuhi, mzaliwa wa jimbo jirani la Appenzell Innerrhoden. Kwao mambo ya jimbo huamuliwa uwanjani, Jumapili ya mwisho ya Aprili, kwa kunyoosha mikono. Mwanamume huja na upanga wa wazee wake, na huo ndio kitambulisho chake cha kupigia kura. Wanawake wa Uswisi walipata kura ya taifa mwaka 1971, lakini kwenye uwanja ule bibi aliendelea kusimama nje ya kamba inayowazunguka wapiga kura. Aprili 1990 wanaume waliulizwa tena, wakakataa tena. Mumewe alikuwa mmojawapo. "Aliniambia ni desturi yetu, tusiiharibu," alinisimulia huku nikimfunga vifungo vya sweta. Novemba mwaka huohuo Mahakama Kuu ya Shirikisho ikawalazimisha. Bibi alivuka kamba mwaka 1991, tayari ana wajukuu.

Sasa utazameni mwaka huo wa 1990. Februari 1990, Mahakama Kuu ya Mwanza, Jaji Mwalusanya alitoa hukumu ya kesi ya Bi Holaria Pastory wa Muleba, kwetu Kagera. Baba yake alimwachia shamba la ukoo kwa wosia. Uzeeni, akiwa hana wa kumtunza, akaliuza shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Mpwa wake akashtaki: mwanamke wa Kihaya hauzi shamba la ukoo! Mahakama ya mwanzo ikamkubalia. Jaji akakataa, kwa sababu Katiba imekataza ubaguzi na mwanamke ana haki ya kuuza kama mwanamume. Mama wa Kihaya alishinda miezi tisa kabla ya wanawake wa Appenzell.

Kwa hiyo msiniambie haki ilizaliwa Ulaya. Hata leo haijatimia. Wenzangu kazini wenye watoto wanafanya kazi "asilimia 50", yaani nusu ya muda kwa nusu ya mshahara, maana mtoto anarudi mchana kula nyumbani na ada ya kulea watoto inameza mshahara. Wakizeeka, pensheni inakuwa ndogo, na hao ndio tunaowapokea hapa.

Tofauti ninayoiona ni moja, na ni kubwa. Huku mahakama iliposema, uwanja ulitii. Kwetu hukumu ilibaki Mwanza, na kikao cha ukoo kinaendelea na lile Tamko la Sheria za Mila la 1963: binti atumie shamba la ukoo ila asiliuze, mjane hana fungu, atatunzwa na watoto. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke ardhi. Nimekaa kwenye matanga mengi, sijaisikia ikitajwa.

Baba alipofariki, kibanja, shamba letu la migomba, kiligawiwa kaka zangu watatu. Mama amepalilia migomba ile miaka arobaini. Siku hizi akitaka kukata mkungu anaomba ruhusa kwa mtoto aliyemzaa mwenyewe, na akinieleza kwenye simu anashusha sauti asisikiwe. Nawapenda kaka zangu. Wala si watu wabaya, wanafanya walichoona kikifanywa. Ila siwezi tena kutuma hela ya bati na mbolea huku nikinyamazia hilo.

Desemba naenda nyumbani. Nimeshachapisha nakala nne za hukumu ile. Tatu ni za kaka zangu. Ya nne ni ya shangazi mkubwa, na kwa kuwa macho yake hayaoni vizuri, nitaketi naye nimsomee mwenyewe, kwa Kihaya.