Nani aamue volyumu ipi ifutwe: programu ya bakapu au mwendeshaji?

Bakapu za mtandao zikishapita seva tano au sita, swali linalozua ubishi si tena programu gani itumike. Ubishi unahamia kwenye vifaa vya kuhifadhia: diski na kanda (tepu za sumaku) ziendeshwe na programu yenyewe, au kila hatua ipite mkononi mwa mtu? Programu ikiachiwa, itabandika lebo kwenye volyumu mpya (kanda, au faili kubwa kwenye diski, linalobeba data za bakapu), itachagua ya zamani ya kuandikia upya, itaiamuru roboti ya maktaba ya kanda ipakie kanda, na asubuhi mtu atakuta ripoti tu. Mtu akishika usukani, hakuna kanda inayofutwa bila amri yake. Kila upande una hoja nzito, na kila upande una namna yake ya kupoteza data.

Tuichukue Bacula, programu huria iliyoanzishwa na Kern Sibbald mwaka 2000, ambayo Bareos ni tawi lake. Sehemu yake iitwayo Director hupanga ratiba, wakala kwenye kila mashine husoma mafaili, na Storage Daemon, inayosikiliza poti ya 9103, ndiyo pekee inayogusa vifaa. Kumbukumbu ya faili gani iko kwenye volyumu gani hukaa kwenye katalogi, ambayo ni hifadhidata ya kawaida. Director haioni diski wala draivu. Inaona majina tu, na jina lenye uzito kuliko yote ni Media Type, yaani aina ya chombo cha kuhifadhia. Ukiwa na folda mbili kwenye diski mbili tofauti, ukazipa zote Media Type moja ya "File", siku ya kurejesha mafaili Director inaweza kuiomba volyumu kwenye folda isiyo nayo. Kazi itasimama ikidai volyumu ipachikwe, wakati faili la volyumu lipo mzima kwenye folda ya pili. Kila folda ipewe Media Type yake.

Hoja kubwa ya kuiachia programu ni kwamba mtu husahau, naye husahau vilevile kila mara. Mfano wa wazi ni amri ya unmount, inayoiambia Bacula ikiachie kifaa. Mwendeshaji anaitoa ili abadilishe kanda, anabadilisha, anaondoka bila kutoa amri ya mount ya kukirudisha. Kuanzia hapo Bacula inakitaja kifaa kuwa BLOCKED kwa sababu mtumiaji amekifunga, na kazi zote za usiku zinapanga foleni nyuma yake hadi asubuhi. Hakuna kilichoharibika, ni usiku mmoja wa bakapu uliopotea bure kwa sababu ya neno moja. Anayetaka kutoa kanda bila kukifunga kifaa atumie release. Kwenye maktaba yenye roboti, mtu akifungua mlango na kuhamisha kanda bila kutoa update slots (amri ya kusoma upya kanda ipi iko wapi), katalogi hubaki na ramani ya jana. Kanda zenye lebo za msimbo-pau husomwa kwa dakika chache. Zisizo nazo zinahitaji update slots scan, ambapo kila kanda lazima iingizwe kwenye draivu ili isomwe. Kwa hiyo nunua lebo za msimbo-pau siku ileile unayonunua kanda.

Upande wa pili unajibu kwamba programu haisahau, lakini hutii hata agizo lisilo na maana. Na hapa ndipo wengi wanapoumia, hasa kwenye diski.

Kanda ina mwisho wake: ikijaa, Bacula inaiandika Full na kuendelea na nyingine. Faili la volyumu kwenye diski halina mwisho ila ule wa diski yenyewe. Usipoweka Maximum Volume Bytes (kikomo cha ukubwa), Maximum Volume Jobs (idadi ya kazi) au Volume Use Duration (muda wa kutumika), volyumu ya kwanza hubaki kwenye hali ya Append, yaani ya kuongezewa data, miezi na miezi, ikinenepa. Muda wa kuitunza, Volume Retention, huhesabiwa tangu mara ya mwisho ilipoandikwa, na kila usiku inaandikwa. Saa inaanza upya kila usiku, volyumu haizeeki kamwe, na hakuna kinachorudishwa kwenye mzunguko. Msimamizi anaona retention ya siku 30 kwenye usanidi na kuamini mambo yako sawa, hadi diski inapojaa. Akikimbilia amri ya purge anashangaa nafasi haijarudi: purge hufuta kumbukumbu kwenye katalogi tu, si baiti zilizo kwenye diski. Nafasi hurudi volyumu inapoandikwa upya au inapokatwa kwa truncate.

Tiba ni hesabu. Tuseme bakapu kamili ni TB 2 kila wiki, nyongeza za kila siku (bakapu za yaliyobadilika tu) ni GB 100, na unatunza siku 30. Unahitaji nafasi ya bakapu kamili tano, si nne, kwa sababu ya tano huandikwa kabla ya ya kwanza kuachiwa: TB 10. Nyongeza, ukizihesabu kwa siku zote 30, zinaongeza TB 3. Ukiweka volyumu za 50G, kumbuka kwamba kwa Bacula herufi G ni baiti 1,073,741,824, hivyo kila volyumu ni GB 53.7 za muuza diski, anayehesabu GB kuwa baiti bilioni moja. Volyumu 260 zinafika karibu TB 14, na diski ya TB 16 inabaki na pumzi. Namba hiyo 260 iandikwe kwenye Maximum Volumes. Bila kikomo hicho, uwekaji lebo wa kujiendesha utaendelea kuzaa volyumu mpya.

Kuna mtego mwingine ambao hesabu hiyo haiuoni. Ratiba ya bakapu kamili ya kila Jumapili ya kwanza ya mwezi ni ya kawaida sana. Kati ya Jumapili ya kwanza moja na inayofuata kuna siku 28, au 35. Retention ya siku 30 kwenye volyumu za bakapu kamili maana yake ni kwamba katika mwezi mrefu programu ina ruhusa ya kuifuta bakapu kamili siku tano kabla mpya haijaandikwa. Bacula hutazama tarehe. Haiulizi kama kuna nyongeza za wiki nne zinazoitegemea. Dalili yake ni ujumbe kwamba hakuna bakapu kamili iliyotangulia, hivyo kazi ya nyongeza inapandishwa kuwa kamili, usiku wa Alhamisi, na mtandao unazidiwa. Retention ya bakapu kamili iwe angalau mizunguko miwili: kwa ratiba hii, siku 70.

Kwa nini basi usirudi kwenye kanda na mikono? Kwa sababu mkono nao una gharama, na kanda ina ukali wake. Draivu ya LTO-8, aina mojawapo ya kanda za bakapu, huandika MB 360 kwa sekunde na kanda yake hubeba TB 12 kabla ya kubanwa. Ikilishwa vizuri huijaza kwa saa tisa na robo. Mtandao wa gigabiti moja huleta kama MB 110 kwa sekunde ukiwa na afya, na kwa kasi hiyo kanda hiyohiyo inajaa kwa saa 30. Draivu inaweza kupunguza mwendo, lakini ina kiwango cha chini. Data ikipungua zaidi ya hapo inasimama, inarudisha kanda nyuma, inaanza tena, na kurudia hivyo usiku kucha. Kichwa na kanda vinachakaa. Dawa ni kuzikusanya data kwanza kwenye SSD kwa Spool Data, kisha kuzimwaga kwenye kanda kwa mkupuo. Kwa hiyo hata mpenzi wa kanda anaishia kununua diski.

Draivu zikiwa mbili kuna balaa jingine: Linux haiahidi kwamba /dev/nst0 (jina inaloipa draivu) ya leo itakuwa /dev/nst0 baada ya kuwasha upya. Zikibadilishana, roboti inapakia kanda kwenye draivu moja huku Bacula ikisubiri kwenye nyingine. Tumia njia za /dev/tape/by-id, na uhakikishe ni nst, si st, maana st hurudisha kanda mwanzoni kila inapofungwa, na kazi inayofuata inaweza kuandikwa juu ya iliyotangulia. Kabla ya kuiamini draivu mpya, endesha btape, programu ya kuijaribu draivu, na amri yake ya test.

Umeme ukikatika katikati ya kuandika, kosa linawekwa kwenye volyumu: idadi ya mafaili kwenye kanda haiwiani na ya katalogi, na Bacula inaitia alama ya Error. Data zilizotangulia kwa kawaida zipo. Hapa mtu anahitajika kweli, kulinganisha namba mbili na kurekebisha katalogi kwa update volume, au kuiacha kanda hiyo isomwe tu. Kwa ofisi ambazo umeme hukatika mara kwa mara, UPS ya seva isiyoihudumia pia draivu ya kanda ni nusu ya kazi.

Kinachoibakiza kanda mezani ni kwamba ikitolewa kwenye draivu hakuna programu inayoifikia. Februari 2011 hitilafu ya programu iliwafutia barua asilimia 0.02 ya watumiaji wa Gmail, ikiathiri nakala zao kadhaa zilizokuwa hewani. Google ilizirejesha kutoka kwenye kanda. Programu hasidi zinazofunga mafaili na kudai fidia nazo mara nyingi hulenga folda za bakapu zilizopachikwa kwenye mtandao. Ila kanda iliyotolewa inataka mahali pa kukaa: kwa hifadhi ya muda mrefu, nyuzijoto 16 hadi 25 na unyevu wa asilimia 20 hadi 50. Kabati la ofisi ya Mombasa au Dar es Salaam lisilo na kiyoyozi halifiki hapo.

Kwa uzani wetu, diski iachiwe programu kabisa, mradi vikomo vyote vitatu vimeandikwa: ukubwa wa volyumu, idadi yake, na retention iliyopimwa kwa ratiba. Mikono ya watu kwenye volyumu za diski huleta hasara kuliko faida. Kanda za ndani ya maktaba nazo ziendeshwe na roboti. Kanda ya mwezi inayotoka nje ya jengo ibaki ya mtu: kundi lake la volyumu liwe peke yake, Recycle iwe no (isiandikwe upya yenyewe), na kurudi kwake kwenye mzunguko kuwe uamuzi ulioandikwa. Purge Oldest Volume, mpangilio wa kuachia volyumu kongwe kuliko zote, tusingeiweka popote, kwani haijali retention yoyote. Nafasi ikiisha ni afadhali kazi ikwame na kupiga kelele.

Na mtu naye awekewe mipaka. Bacula inaruhusu konsoli (sehemu za kutolea amri) zenye majina, kila moja na CommandACL yake, yaani orodha ya amri inazoruhusiwa. Mwendeshaji wa zamu apewe status, list, mount, unmount, release na update. Purge na delete zibaki kwenye konsoli ya msimamizi, yenye nenosiri jingine, kwenye mashine ambayo si seva ya bakapu.