Jua la bure limenifilisi

Jamani, aliyesema jua ni la bure nimpate wapi nimkabidhi hii betri yangu akaikalie kama kigoda, maana kazi nyingine haina.

Nguzo za umeme ziliishia kule msikitini, sisi wa huku bondeni tukabaki na vibatari, ndo fundi wa sola akanidaka, "mzee unalipa mara moja, bili unaisahau mpaka unazeeka." Nikalipa. Paneli kwa kweli sina ugomvi nayo, iko juu ya bati inadunda, wanasema inafika miaka 25, mi nitatangulia yenyewe itarithiwa. Kumbe paneli haili kitu, anayekula ni betri!

Betri 350,000. Sharti lake moja tu, usiishushe chaji chini ya nusu. Sasa mwambie hivyo shemeji yangu siku ya Simba na Yanga. Mechi imeisha saa tatu, yeye anaangalia uchambuzi mpaka saa sita usiku, inveta, kile kidude cha kugeuza umeme wa betri uwashe TV, inalia piiii, anasema "hiyo ni sauti ya kawaida tu." Kesho yake akachomeka na pasi, inveta ya wati 500 pasi ya wati 1,000, nyumba nzima ikanuka kama tairi linaungua, nayo shati halijanyooka.

Miezi 20 betri ikafa. Nikachukua daftari la mtoto nyuma, nikapiga hesabu. Volti 12 mara ampea-saa 100 unapata wati-saa 1,200, yaani yuniti moja na pointi mbili, ila nusu huruhusiwi kugusa, kwahiyo kila usiku nakula pointi sita ya yuniti. Siku 600 ni yuniti 360. Gawa 350,000 kwa 360... 972! Yuniti moja, shilingi 972, na hapo sijagusa paneli, inveta, waya, wala yule kijana wa kupanda kufuta vumbi aliyenitobolea bati. Wenzangu wa ng'ambo ya msikiti, wakitumia yuniti chini ya 75 kwa mwezi, yuniti ni shilingi 100 na kodi juu yake kidogo. Na mimi ndo nilikuwa nawacheka eti wao wanalipa bili.

Fundi sasa anasema ninunue betri ya lithiamu, inakaa miaka kumi na unaishusha hadi karibu na mwisho haikasiriki. Nimegawa, kweli bei ya yuniti inashuka sana, ila bei yake ya kuanzia nikimtajia mama watoto atanihamishia sebuleni.

Jana mtoto wa jirani kaja na simu, "mjomba naomba nichajie, si la jua hilo?" Nikafungua daftari, nikagawa, nikamwambia simu moja ni shilingi 20. Akanipa 50 akasema chenji baki nayo mjomba, ukanunue betri.