Sifongo za Baharini: Dawa Imo, Lakini Haichotwi

Sifongo, mnyama wa baharini, haina meno, miguu wala gamba. Hujishikiza mwambani ikichuja maji maisha yake yote, na kinga yake kubwa ni sumu. Ndiyo maana wanakemia wanaitafuta: sumu hiyo huenda ikazaa dawa.

Wenye matumaini wana ushahidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mwanakemia Werner Bergmann alichunguza sifongo kutoka bahari ya Florida akakuta nyukleosidi, yaani molekuli za aina inayojenga DNA, zenye sukari isiyo ya kawaida. Umbo hilo liliwafungulia wanakemia njia ya kutengeneza sitarabini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1969 na ambayo mpaka leo hutibu saratani kali ya damu.

Wenye shaka nao huuliza: baada ya miaka zaidi ya 70, mbona dawa zenyewe zinahesabika kwa vidole? Ni swali la haki, na halikondrini B, kiambata kinachopatikana ndani ya sifongo, inalijibu vizuri. Mwaka 1986 watafiti wa Japani waliripoti kwamba kilo 600 za sifongo ziliwapa miligramu 12.5 tu. Kwa kiasi hicho, sifongo zingekwisha baharini kabla wagonjwa hawajapata dozi. Yoshito Kishi na wenzake wa Harvard wakaiunda maabarani mwaka 1992, kisha ikabainika kwamba nguvu yake imo katika kipande kimoja cha molekuli. Kipande hicho kikarekebishwa, kikawa eribulini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2010 kwa saratani ya matiti iliyosambaa. Kuitengeneza huchukua hatua zaidi ya 60. Katika jaribio lake kuu, nusu ya wagonjwa walioipata waliishi zaidi ya miezi 13.1, kwa waliopewa tiba nyingine, ni miezi 10.6. Kuna wanaouona muda huo mdogo. Mimi siuoni hivyo, maana wagonjwa wale walikwishatumia dawa kadhaa zikashindwa.

Kwa hiyo kuhesabu dawa peke yake hakutoshi, na kuiona bahari kama duka la dawa lililojaa ni kujidanganya. Sifongo hutupa umbo ambalo hakuna mwanakemia angelibuni mwenyewe. Kazi iliyobaki ni ya miaka mingi, na molekuli nyingi huishia njiani kwa sababu zinaumiza mwili kuliko zinavyoutibu.

Tumaini langu kubwa liko kwa bakteria. Mwaka 2014 ilionyeshwa kwamba viambata vingi vya sifongo Theonella swinhoei hutengenezwa na bakteria wanaoishi ndani yake, Entotheonella. Kuwafuga maabarani ni kugumu, lakini jeni zao zinasomeka, na huko ndiko ningependa fedha za utafiti zielekezwe kwanza.