Karatasi zinaoza mtoto bado anasubiri
Mwandishi unasema wanaoasili watoto nje ya nchi wanachelewa sababu hawajipangi, hapo umetuonea bwana. Septemba 2013 Kongo ya Kinshasa iliposimamisha vibali vya watoto kutoka nchini, kuna watu walikuwa na hukumu ya mahakama mkononi kabisa na bado wakakwama, wengine mpaka 2016. Sisi tulioasili huku Marekani faili lilikuwa nene kama msahafu, alama za vidole zikamaliza miezi yake 15 ya kutumika tukaenda kuchukuliwa upya, cheti cha daktari nacho kikachacha, ripoti ya ukaguzi wa nyumba ikabidi irekebishwe eti kwa vile tumehama mtaa tu!! Ukipata hii ile imeshaoza. Viatu vya bluu tulivyomnunulia mtoto mapema, alipofika havikuingia hata kidole gumba.